Kuvuka Milima Bila Kufika kwa Bibi

Kwenye kivuko cha kwenda Kamanga, kijana mwenye baiskeli ya matairi manene alimweleza mama mmoja muuza dagaa, aliyeketi karibu nami, kwamba atavuka milima ya Karagwe kwa njia za changarawe, siku kadhaa, akilala kwenye hema.

"Unaenda kwa nani?" mama akauliza.

"Siendi kwa mtu, mama. Nazunguka tu."

"Huna ndugu huko?"

"Bibi yupo. Ila nikipita kwake atanizuia wiki nzima, ratiba iharibike."

Mama akalibonyeza tairi kama anayechagua papai. "Na hilo hema utalipiga wapi?"

"Popote. Nitaomba kwa wenyeji."

"Kwa hiyo utaomba uwanja kwa bibi za wenzako."

Kivuko kikafika. Wenye baiskeli hushuka kwanza. Yeye alishuka wa mwisho.