Vipimo Alivyotoa Mama Pascasie Kahambu

Ndugu, majirani, nanyi mama wa kikundi cha Sindano Moja mliokuja na vitenge vyenu, familia inawaomba utulivu, ili msikie maisha ya Mama Pascasie Kahambu, yote, hata ile sehemu aliyoionea haya mpaka mwisho.

Alizaliwa Kiwanja tarehe 14 Mei 1966, mtoto wa tatu wa Papa Kambere na Mama Valérie, wachuuzi wa maharagwe kutoka Butembo, akasoma shule ya msingi palepale Kiwanja kuanzia 1973 hadi 1979, kisha akajifunza kushona kwa masista hadi 1982. Tarehe 8 Agosti 1987 alifunga ndoa na Papa Télesphore Kakule, dereva wa lori, ambaye hadi leo hutania kwamba yeye alioa cherehani, mke akaja kama nyongeza, na Mungu akawajalia Élodie mwaka 1989 na Jephté mwaka 1993.

Vita vya 1996 vilimkuta Kiwanja akavumilia, lakini vile vya Novemba 2008 vilimng'oa, akafika Goma kwa miguu, kichwa cha cherehani amekifunga mgongoni kama mtoto, akapanga chumba hapa Mapendo. Kwenye baraza la kushonea alikutana na Mama Nyiramahirwe, mkimbizi mwenzake kutoka Rutshuru, mwenye kusema Kinyarwanda, wakaweka cherehani zao bega kwa bega, na mwaka 2010 wakaanzisha kikundi hiki, Mama Pascasie akiwa prezida.

Kila Agosti, baada ya sikukuu ya Bikira Maria, kikundi kilikwenda na marafiki kutembea ufukweni mwa Ziwa Kivu kule Keshero, kula sambaza, wale samaki wadogo, na ndizi na kucheza hadi jua lizame, na desturi yao mnaijua, kwamba hakuna anayejishonea gauni la siku hiyo, bali kura hupigwa, kila mmoja anamshonea mwenzake, na gauni halijaribiwi mpaka mfike ziwani.

Mwaka 2023 kura ilimwangukia Mama Nyiramahirwe amshonee Mama Pascasie. Vita vilikuwa vimerudi, ndugu wa Kiwanja walikuwa wamejaa nyumbani kwake, na kila aliyemwona amekonda alidhani anawaachia wageni chakula, kumbe miezi mingi alikuwa na uvimbe kwenye titi, ameuficha hata kwa mume wake. Rafiki yake alipomwendea na mita ya kupimia, aliogopa kuguswa kifua, akamwambia, "Usisumbuke, mimi niko ile ile ya mwaka jana, andika tu," na Mama Nyiramahirwe akamwamini, maana prezida hadanganyi juu ya vipimo.

Kule ziwani gauni lilimning'inia, likamvuka bega, wenzake wakacheka, na kicheko kikageuka maneno. Mama mmoja alimwuliza Mama Nyiramahirwe, "Huyu ulimupima na macho gani?" na mwingine akaongeza, "Ni makusudi, hawa watu wa Kinyarwanda sasa banatushonea aibu mbele ya watu." Wakati ule wa vita, wasemao Kinyarwanda wakishukiwa kuwa upande wa waasi, neno la namna hiyo lilikuwa zito kuliko jiwe, na wote wakamtazama Mama Pascasie aliamue, kwani lilitosha aseme kwamba vipimo alivitoa mwenyewe. Alinyamaza, kwa sababu wangemwuliza kwa nini, akavuta kitenge begani, akaenda kula samaki. Mama Nyiramahirwe alirudi mjini peke yake kwa pikipiki, kesho yake akaondoa cherehani yake barazani, na wateja wake wakapungua.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Machi 2024 alianguka jikoni, Élodie akamvua nguo ili amwoshe, akaona, na Aprili madaktari walimpasua lakini wakatuambia tumechelewa. Aliposikia habari hiyo, Mama Nyiramahirwe alikuja bila kuitwa, akawa anamwosha na kumgeuza kitandani kila siku, wala siku ile ya ziwani hakuitaja hata mara moja, na Mama Pascasie alikuwa akifumba macho kila alipoguswa na mikono ile. Sisi tulidhani ni maumivu. Alijaribu kusema, akaomba maji. Akajaribu tena, akauliza habari za mvua. Ni kwa Élodie tu alikofungua kinywa, akaagiza habari hiyo ya vipimo isomwe mbele ya kikundi kizima, kisha akafariki hapa nyumbani Jumatano, tarehe 6 Novemba 2024, akiwa na miaka hamsini na minane.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa Mapendo waliotuletea maji na kuni, na wageni wetu kutoka Kiwanja waliolala nje ili mgonjwa apate nafasi.

Nawe Mama Nyiramahirwe, uliyesimama pale nyuma karibu na lango, familia nzima ina haya mbele yako. Ulishona sawasawa, vipimo ndivyo vilivyokuwa vya uongo, na wenye kucheka siku ile wamesikia wote leo. Sogea mbele, ukae kwenye mkeka wa familia.

Mama Pascasie, lililokushinda kusema tumelisema. Pumzika kwa amani.