Msipike Maini

Akina mama wenzangu, amani ya Bwana iwe nanyi. Mwenyekiti ameniomba nisimame nishuhudie. Nitasimama, ila naegemea benchi, mtaelewa kwa nini.

Ndugu zangu, nawaambia, hakuna kitu ninachokichukia duniani kama maini. Mnacheka? Chekeni tu. Nusu yenu humu mliniletea.

Nilianza kwa kuchoka. Nikitoka kibanjani, kwenye migomba yetu, na mkungu mmoja wa ndizi, lazima nikae chini nipumue. Ulimi ukawa mwekundu, unawaka, hata chai ya vuguvugu inanichoma. Nikaenda zahanati moja hapa Muleba, jina silitaji. Daktari hata kichwa hakuinua. "Huna damu, mama. Kula maini." Akanipa vidonge vya kuongeza damu.

Nikala. Ya kukaanga, ya kuchemsha, ya kuchanganya na ndizi. Kwetu mgonjwa haendewi mikono mitupu, basi kila mgeni alikuja na kifuko cheusi kinachovuja. Harufu ikaingia mpaka kwenye mapazia. Nikikataa, naambiwa nadeka.

Niliporudi zahanati, kipimo kikaonyesha damu imepanda. Daktari akafurahi kama amenizaa. Nikamwambia, "Lakini miguu ina ganzi, na vikombe vinanidondoka mikononi." Akasema, "Damu iko sawa. Hayo ni mawazo tu. Mna ugomvi na mzee nyumbani?" Ugomvi! Mume wangu huyu ambaye hata kuku hamfukuzi? Nilitoka pale nataka kutapika, na siku hiyo sikuwa nimekula maini.

Sasa sikilizeni. Mvua ilikuwa imenyesha, nikatoka kibanjani na majani ya ndizi. Wifi yangu wa Maruku alikuwa amekuja kutusalimia. Akaniuliza, "Wifi, ndala nyingine iko wapi?" Nikatazama chini. Mguu wa kulia uko peku, matope mpaka kifundoni, kidole kimepasuka kinatoka damu. Ndala ilinaswa kwenye tope huko juu, mimi nikaendelea kutembea, sikusikia chochote. Nililia, jamani. Nilijiona mwaka ujao nabebwa kupelekwa chooni.

Wifi hakuniambia nile kitu. Alisema, "Kesho tunakwenda Bukoba."

Huko tulimkuta daktari mwanamke. Nikaanza hadithi ya maini, akanikatiza. "Toa ulimi." Akautazama vizuri. Akaniambia niunganishe miguu, nifumbe macho. Nikayumba, wifi akanidaka. Wakachukua damu ya kipimo kingine, na majibu yalipokuja akanieleza kwamba tumbo langu haliwezi kunyonya vitamini B12 kutoka kwenye chakula. "Hata ukila ng'ombe mzima na pembe zake," alisema. Vile vidonge vilipandisha damu, huku mishipa ya fahamu inaendelea kuharibika. Dawa yake ni sindano, maisha yangu yote.

Nikadungwa. Ulimi ukapoa. Asubuhi moja nikaingia jikoni peku, nikasikia ubaridi wa sakafu. Nilisimama pale namshukuru Mungu kwa saruji.

Mngedhani yameisha. Nikapeleka karatasi ya Bukoba kwenye zahanati yetu, nidungwe karibu na nyumbani. Daktari yule yule! "Damu yako nzuri, sindano za nini tena? Wewe kula maini." Sisi tumezoea kumwambia asante mwenye koti jeupe hata akituumiza. Siku hiyo nilivua viatu mbele yake. Nikamwambia, "Miguu hii ni yangu, wewe hutaitembelea. Sitoki hapa bila sindano." Nikakaa. Wagonjwa wakajaa mlangoni, wananung'unika, nami nimekaa tu kwenye kiti cha mgonjwa. Akanidunga, amenuna.

Namshukuru wifi yangu, yuko pale nyuma anajificha. Namshukuru yule daktari aliyetazama ulimi wangu. Nanyi mlioleta vifuko, moyo wenu niliuona, Mungu awalipe. Vidole viwili vya mguu bado vina ganzi, ndiyo maana naegemea. Lakini nimekuja hapa kwa miguu yangu. Mama, ukiambiwa umepona na mwili wako unakataa, usiinuke kwenye kile kiti.

Juzi muuguzi mpya kaniuliza, "Mama, sindano hizi mpaka lini?" Nikamjibu, "Mpaka mnizike. Na kwenye msiba wangu, msipike maini."