Mwalimu wa Mabaki na Sehemu ya Tatu

Ijumaa hii, tarehe thelathini, mwalimu wetu wa Hisabati na mlezi wa maabara anastaafu baada ya miaka thelathini na minne ya kazi. Yote ameitumikia katika shule hii, na karibu yote katika vyumba viwili vinavyotazamana: darasa la mwisho kwenye korido ya chini, na maabara iliyo upande wa pili. Ameivuka korido hiyo akiwa na vumbi la chaki mkono mmoja na harufu ya spiriti mkono wa pili, na hajawahi kukubali kwamba anafundisha masomo mawili.

Alikuja kufundisha Hisabati tu. Maabara aliipata pale mwalimu wa Kemia alipohamishwa katikati ya muhula, funguo zikabaki mezani kwenye chumba cha walimu, na kila aliyeziona akajifanya hakuziona. Yeye akazichukua. Fundi wa maabara, ambaye humwita Mwalimu Dada Mkubwa ingawa fundi ndiye mkubwa kwa umri, anakumbuka kwamba siku ile hakuuliza kemikali ziko wapi. Aliuliza kwa nini vyombo vya kupimia vina mistari ambayo hakuna mwanafunzi anayeisoma.

Darasani alikuta kosa moja sugu. Ukiwapa wanafunzi nusu jumlisha theluthi, wanajumlisha juu kwa juu na chini kwa chini, wanapata mbili ya tano, wanapiga mstari wa jibu na kuweka kalamu chini kwa raha zao. Alilipiga vita kwa maneno manne yanayojulikana hadi jikoni: "Asili haijumlishwi, asili hutafutwa." Asili ni ile namba ya chini ya sehemu. Walioshindwa kumwelewa ubaoni aliwavusha korido. Huko walimimina nusu kikombe cha maji, wakaongeza theluthi, wakaona wenyewe kwamba kikombe kinakaribia kujaa. Kwa jibu lao la mbili ya tano, maji yalipaswa kuwa yamepungua. Maji, alikuwa akisema, hayamwonei mtu haya.

Nyumbani mambo ni yale yale. Mumewe, fundi cherehani na shemeji wa sisi sote, alitueleza kwamba kwao hakuna mtu anayeongezewa chai "kidogo". Unasema robo au unasema nusu, la sivyo kikombe kinabaki kitupu. Yeye mwenyewe, aliongeza, amekata suruali za watu maisha yake yote bila kusahihishwa na mteja yeyote, ila husahihishwa kila jioni na mkewe.

Miaka kumi na miwili iliyopita shule iligawa wanafunzi kwa alama. Mikondo mitatu ikajaa, wakabaki wachache wasio na pa kwenda, wakafanywa mkondo wa nne. Kwenye ratiba waliitwa D. Kwenye korido waliitwa Mabaki, na wenyewe wakazoea kuitika. Hawakuruhusiwa kuingia maabara kwa sababu, ilisemwa, wangevunja vioo. Mwalimu alisimama kwenye kikao cha walimu na kukumbusha jambo la darasa la tano: ukigawa saba kwa tatu unapata mbili na baki moja, na baki hilo halitupwi. Linawekwa juu ya kigawanyo, linakuwa sehemu, na jibu haliwi kamili bila hilo. Kisha akaomba mkondo wa D uwe wake. Hakuna aliyebishania nafasi hiyo.

Vioo vilivunjika, ndiyo. Viwili vya kwanza alivivunja fundi wa maabara. Mabaki walijifunza kuchuja mchanga, kuvukiza maji ili chumvi ibaki, na kusimamisha kipande cha chaki juu ya tone la wino mweusi mpaka rangi zilizofichama ndani yake zipande kila moja kwa mwendo wake. Baadhi yao leo ni wauguzi, mmoja anapima maji ya bomba la mji, na wengine wengi wanafanya kazi zisizohusiana na sayansi hata kidogo, lakini hawaibiwi sokoni.

Lililobaki kusimuliwa ni la muhula huu, na halijaisha.

Mkondo wa D wa mwaka huu ulifanya mtihani wa vitendo unaoamua nani ataendelea na sayansi. Swali lilihusu kutenganisha spiriti na maji kwa kuchemsha taratibu na kupoza mvuke. Kinachodondoka mwanzo hukusanywa kwenye chupa ya kwanza, kinachofuata kwenye ya pili, halafu ya tatu, na katika maabara kila mkusanyo huitwa sehemu. Kazi hiyo waliifanya vizuri. Kisha wakafika kwenye agizo la mwisho: wachukue sehemu ya tatu ya kimiminika walichokusanya na kuona kama inashika moto.

Mikondo mingine ilichukua chupa ya tatu, ambayo karibu yote ni maji, na haikushika moto. Mabaki, waliofundishwa tangu siku ya kwanza kwamba sehemu ya tatu ni theluthi, walirudisha chupa zote kwenye chombo kimoja, wakachanganya tena kile walichotoka kukitenganisha, wakapima theluthi yake bila kukosea hata tone, wakawasha kiberiti. Ikawaka vizuri sana. Darasa zima likapata sifuri katika swali hilo, na bila alama zake hakuna hata mmoja wao anayeendelea.

Waliokuwa chumba cha walimu siku ile wanajua kwamba Mwalimu alimaliza kwanza chai yake yote. Halafu akauliza ofisi ya mitihani inafunguliwa saa ngapi.

Alikwenda na fundi wa maabara na mkate mmoja. Msimamizi wa mitihani alimpokea kwa heshima na kumweleza kwamba watoto wengine wote walielewa swali. Mwalimu akajibu kwamba wengine walikisia alichotaka mtunzi, wake walisoma alichoandika. Kisha akaukata mkate vipande sita, akavipanga mstari mezani, akamwomba kila aliyekuwemo achukue sehemu ya tatu. Katibu muhtasi alichukua vipande viwili. Dereva wa ofisi akahesabu kutoka kushoto na kuchukua kipande cha tatu.

"Dada, mbona umebeba viwili?" dereva akamuuliza.

"Kaka, sita kugawa kwa tatu ni ngapi? Hicho kimoja chako ni sehemu ya sita."

"Ya sita iko kule mwisho, pale!"

Waliendelea hivyo, kila mmoja akitafuna hoja yake. Msimamizi aliombwa na yeye achukue; akasema hali mkate. Mwalimu akamwambia hajaombwa kula, ameombwa kuamua. Hakuamua siku hiyo, wala juma hilo. Mwalimu alirudi mara ya pili, na ya tatu, bila mkate. Fundi wa maabara anasema mara ya tatu mlinzi wa getini hakumuuliza tena anamtaka nani.

Jibu lilikuja Jumatatu. Mkondo wa D utarudia jaribio hilo, na agizo jipya linasema "chupa ya tatu". Kuanzia mwaka ujao, katika mitihani yote ya ofisi hiyo, sehemu za namba zitaandikwa theluthi na robo, na sehemu za maabara zitaandikwa chupa. Tarehe ya kurudia ni Jumanne ijayo, siku ambayo mwalimu hatakuwa tena mtumishi wa shule.

Tulichanga kumnunulia saa ya ukutani. Ameikataa kwa adabu na kuomba kitu kimoja tu badala yake: ruhusa ya kuingia maabara Jumanne asubuhi, aoshe chupa, azikaushe, apange meza, kisha atoke kabla msimamizi hajafunga mlango. Mkuu wa shule amekubali. Wenye vipindi maabara siku hiyo wanaombwa wahamie darasa la mwisho, na wanaopita koridoni wanaombwa wasipige kelele. Atakayekuwa amekaa kwenye benchi la nje mnamjua; msimsemeshe.

Mwalimu, kwa miaka thelathini na minne, na kwa kila uliyemvusha korido, asante sana. Tunakutakia afya njema, mapumziko marefu na maisha mema, kuanzia Jumatano.