Mashini Haikufumba Kinywa

Benchi yetu njo muti mumoja wa reli, ile miti nzito yenye inalalaka chini ya vyuma. Wanaume waliivuta mpaka hapa wakati gari ya moshi iliacha kuja, wakaiweka juu ya matofali mbele ya nyumba yangu, karibu na gare, stesheni ya reli ya Kindu. Mimi nauzaka kawa hapo, kahawa ya moto, mbabula, jiko ya makala, kwa kuume, birika juu yake. Kayembe, muzee wa Kasai, alifanyaka kazi ya reli, tunamuita Chef de Gare, mukubwa wa stesheni, juu angali anavaa kofia ya kazi na gari haiko. Abdoul anaendesha moto, pikipiki ya kubeba watu, yeye njo Methali, juu hauwezi kusema kitu asikutupie methali, hata kama haiingii. Bibiche anauza mikate ya mafuta pembeni yangu, huyo njo Radio. Na Glodi, mutoto wa watu, njo mwenye kutengeneza mashini, kompyuta za biro, ofisi ya watu waliopoteana na vita, ile nyumba ya madirisha ya bluu ngambo ya barabara. Yeye tunamuita Kijani, na mimi wananiita Koko, bibi yao. Kila asubuhi nilikuwa namuuliza, mashini iliamkaje? Anajibu, Koko, taa kijani yote. Tangu siku ya posho, Jumamosi, hajasema kijani. Siku ile mashini kubwa ya biro iliungua, na mimi walikuwa wameniita kuingia pale siku ya kwanza, Jumatatu yenye kufuata, juu mashini ilikuwa imeona muntu mwenye anafanana na mutoto wangu Onema, ule alipoteaka mu vita.

— Ni kuran, ule umeme, Chef de Gare akasema. Ilirudi na nguvu. Taa ya kwangu ilikuwa nyeupe kama meno, kiisha ikapasuka. Taa ikipasuka, mashini itafanya nini?

— Mashini kufa si shida, papa, Glodi akasema. Mashini inakufaka. Njo maana tuliweka ingine kule Alunguli, ngambo ya muto. Kila usiku watu wakilala, programu inakusanya vitu vyote vya hapa, inavipitisha na antena juu ya muto, inavilaza kule. Hapa kukiungua, kule kunabakia.

— Basi vuka, ulete.

— Nilivuka.

— Kiisha?

Glodi akaangalia ndani ya kopo lake.

— Barua iko. Mishahara iko. Picha za chef wa biro siku ya sikukuu yake, zote iko, hata zile mbili zenye zilimukata kichwa. Lakini baze, ile sanduku ya majina ya watu, jina ya sanduku iko, ndani mutupu.

— Niliwaambia, Bibiche akasema, akigeuza mikate mu mafuta. Majina ya watu, na wengine walimalizikia mu muto, munayapitisha juu ya muto usiku. Mishahara, muto hauijui, unaacha ipite. Majina unayajua. Unayabakisha.

— Kweli kabisa, Abdoul akasema. Haba na haba hujaza kibaba.

— Methali, hiyo inaingia wapi? nikamuuliza.

— Iko karibu na mulango, itaingia.

— Hapana muto, Chef de Gare akasema. Ni antena. Mimi nilipita chini yake, niliona imegeuka, inaangalia Kisangani. Reli ikigeuka kidole kimoja, gari inaenda kwingine. Ile majina yote iko Kisangani sasa, mu mashini ya watu wa kiwanda cha pombe. Wanaangalia, wanasema, hawa wateja wetu wengi hivi walitoka wapi?

Tukacheka kidogo. Glodi hakucheka.

— Antena iko sawa, papa.

— Munacheka, Abdoul akasema, na alishusha sauti. Lakini mujiulize, nani hapendi yale majina yabakie? Kuko watu walikuwaka na bunduki, leo wako na suti. Muntu akisema, mimi nilipotelea pahali fulani, siku fulani, muntu mwingine anaweza kuuliza, nani alikuwa anaongoza pale siku ile? Wale wanaingia mu waya. Wanaweka dawa. Mashini inalala.

— Wanaingiaje mu waya na ile matumbo? Chef de Gare akauliza.

— Wanatuma watoto wao walisomea Ulaya.

Bibiche akatoa mukate, akaukung'uta mafuta.

— Mimi nitawaambia kitu, na musikasirike. Labda hakuna mwenye aliingia. Labda ni wale wenyewe walitoka. Muntu umemutafuta myaka yote hii, kila siku unaita jina lake, haumupi kupumzika, hata aliko anachoka. Walisikia wanafungiwa mu sanduku, wakasema, twende zetu.

Hapo maneno ilinichoma. Nikaweka makala mbili mu mbabula yenye haikuomba makala. Na Abdoul, Mungu amusamehe, akadaka ile nafasi.

— Njo vile wazee walisema. Asiye na mwana aeleke jiwe.

Chef de Gare alivua kofia yake, akaangalia ndani yake kama kuna kitu. Abdoul akaona sura zetu, kiisha akaniona mimi, na aliinamisha kichwa.

— Koko, nisamehe. Kinywa kilikimbia.

— Kinywa chako kinakimbiaka kila siku, mwana wangu, leo njo kimenikanyaga. Glodi, wewe acha kuangalia kawa, haitakujibu. Niambie mimi mwenye sikusoma. Sanduku ilienda wapi?

Glodi akakaa karibu yangu, chini, juu ya tofali.

— Haikuenda, Koko. Haikubebwaka hata siku moja. Barua ukimaliza kuiandika unaifunga. Programu inaikuta imefungwa, inaibeba. Lakini baze haifungwi. Chef wa biro alisema isilale, juu watu wanaleta majina kila saa, na wenzetu wa Kailo na Punia wanaingiza kutoka kule kule, mchana na usiku. Iko wazi yote. Ni kama muntu mwenye anasema bila kufumba kinywa. Programu inafika, inakuta imeshikwa na kazi, inasema, huyu siwezi kumubeba, inaruka, inaenda kwa wengine.

— Na ile kijani?

— Kijani ilikuwa inasema, nimemaliza safari. Haikusema nimebeba wote. Ile kusema kwamba mumoja alibakia, ilikuwa inaandika chini kabisa, maandishi madogo. Sikushukaka kule.

— Na hakuna namna ya kuibeba ikiwa wazi?

— Namna iko. Unaiambia baze ishike pumzi kidogo, imeze yenye iko mu kinywa, programu inabeba, kiisha unaiachilia. Ni alama moja tu ya kuweka siku ya kutengeneza. Mimi niliwaza, nikichukua nyumba yote, nimechukua na wenye nyumba.

Sikumukaripia. Maneno yake ilikuwa imenipeleka pengine. Nikawaambia ya vita, juu wakati ile Glodi alikuwa hajazaliwaka.

— Wakati ya vita, sisi wamama wa hapa hatukulazaka watoto wote mu nyumba moja. Ilikuwa njo desturi. Mumoja unapeleka Kailo kwa shangazi, mumoja unavusha Alunguli, wewe unabakia na mwenye atabakia. Nyumba moja ikiungua, jina ya baba haiungui yote. Josiane nilimupeleka Kailo. Franck nilimuvusha Alunguli. Wote wawili wako, leo wamenizalia wajukuu. Onema njo alikuwa mudogo. Mutoto mwenye ananyonya hapelekwi kwa watu, atakula nini? Akabakia kifuani. Njo yeye nilikimbia naye njia ya Pangi, mimi na homa, siwezi kutembea. Mwanamuke mumoja mu musitari wa wenye kukimbia akaniambia, mama, nipe nikubebee kidogo. Nikamupa. Bunduki ikalia mbele, musitari ukakatika, wamoja kuume, wamoja kushoto. Yeye na Onema waliendaka kushoto.

Glodi akasema polepole:

— Koko, njo ile ile. Baze ilikuwa inanyonya.

— Basi umeelewa kazi yako, nikamuambia. Ulijifunza vibaya, lakini umeelewa.

Chef de Gare akarudisha kofia.

— Na makaratasi? Watu waliandikishwaka kwanza mu karatasi, mimi niliona.

— Chef wa biro alisema yote imeingia mu mashini, karatasi inajaza tu nyumba, Glodi akasema. Walizitoa.

— Walizipeleka wapi?

Bibiche alikuwa ameshika karatasi, ameisha kufunga mukate wa muteja. Mukono ukasimama.

— Kwangu, akasema. Chef wa biro alinipa mafurushi makubwa. Nilifurahi. Karatasi nzuri, nzito, haipitishi mafuta upesi. Hizi za leo ni za mwisho.

Akamuonyesha Glodi yenye alishika. Ilikuwa upande mumoja mutupu, upande wa pili maandishi na mafuta. Glodi akasoma, akasema ni mwanamuke wa Kabambare, anatafuta kaka yake. Sisi wote wa hii benchi tulikulaka mikate ya Bibiche, tukapangusa vidole na zile karatasi, tukatupa mu mufereji.

— Mimi sijui kusoma, Bibiche akasema. Koko naye hajui. Nani angetuambia? Wenye munasoma, muliangalia mukate tu.

Hakulia. Aliifungua karatasi ya muteja, akapangusa mafuta na kitambaa chake, akaikunja, akaiweka mu kifua.

— Wewe unaweza kurudilia habari yako, Koko, Glodi akasema. Tutaanza upya, utakuwa wa kwanza. Lakini mwenzako, ule mwenye mashini iliona anafanana na Onema, alisemeaka habari yake pahali gani? Punia? Pangi? Nani atamwambia arudilie?

Hapo moto moja ikasimama mbele yetu, ya mbali, matope mpaka juu. Kijana akashuka, mwenye mabega mapana, ndevu kidogo. Akasalimia vizuri, wakubwa kwanza.

— Shikamooni. Biro ya watu waliopoteana iko wapi?

— Ile pale, Abdoul akasema. Lakini imefungwa. Unatoka wapi, ndugu?

— Punia. Nilichimba mawe kule. Ninaitwa Kalume, lakini njo jina nilipewa na wenye walinikomalisha, walinilea. Waliniokota njiani wakati ya vita, ningali nanyonya. Wiki iliyopita biro ilinipigia simu, wakasema, kuja, mashini imeona mama mwenye anafanana na habari yako, anaishi hapa hapa Kindu. Sasa nikipiga, simu haipiti.

Birika ilikuwa mu mukono yangu. Nikaiweka chini.

— Mwana, nikasema, vua kiatu. Ya kushoto.

Hakuuliza sababu. Akakaa kwenye benchi, akavua. Nikachukua maji ya kuoshea makopo, nikamuosha muguu. Onema alipoanza kusimama alikanyaga hii mbabula, ile ile mbabula, ikamuachia kovu kwa kisigino, kubwa kama kifuniko cha chupa. Nikaosha mpaka maji ikakuwa safi. Kisigino kilikuwa kizima.

Najua ilikuwa kushoto. Lakini nikamuambia avue na ya kuume, nikaosha na ile. Nayo ilikuwa nzima.

— Si wewe ule mama, Koko? akauliza.

— Si mimi, mwana wangu.

Chef de Gare akakohoa.

— Mashini inaweza kukosea, akasema. Umri unafanana, njia inafanana.

Kalume alimuangalia yeye, kiisha Glodi, kiisha mimi.

— Basi munieleze. Ule mama mashini ilisemaka, ni huyu Koko, na ilikosea? Ao iko mama mwingine hapa Kindu, angali ananingoja?

Kama mama ule ni mimi, basi Onema hakuonekanaka hata siku moja, na huyu kijana hana mama. Kama ni mwingine, sisi wote wawili tuko na watu wetu, na hakuna mwenye anajua njia. Nikatafuta ndani ya moyo nipende ipi, sikupata.

Abdoul alikuwa na methali kwa ulimi, niliiona. Akaimeza.

Nikainua birika nimuwekee mugeni. Ikatoa machicha ya kawa tu. Abdoul akasukuma kopo lake mbele ya Kalume, nusu, na angali moto. Kalume hakulichukua. Alikaa na kiatu mu mukono, miguu yote miwili safi juu ya udongo, anatuangalia mumoja mumoja, anangoja jibu.