Jembe la Mzee Hasheem

Wasikilizaji wapendwa, mvua imetushika Tukuyu tangu alfajiri, lakini redio haihitaji mwavuli. Leo tunamkumbuka Mzee Hasheem, fundi seremala wa Mpuguso, tuliyemzika Jumanne. Studioni ninaye binti yake, mama Arafa. Na kabla hamjasikia kwa mwingine: kaburi lile tumelichimba sisi, na mimi Ezron nikiwemo. Malengelenge ninayo.

Mzee Hasheem alizaliwa Mpuguso. Narudia, Mpuguso. Aliyetoka pwani ni baba yake. Lakini watu walimwita Mwarabu. Akifika msibani na jembe lake, walimpokonya kwa adabu, wakamketisha na wageni, wakamletea sahani ya ndizi. Mnajua kwetu: usiposhika jembe makaburini, wewe bado mgeni.

Mkubwa wa wachimbaji alikuwa Mzee Jairo, na Jairo alimwonea wivu. Wivu wa milango yake isiyolia. Wivu wa akina mama waliotembea kutoka Suma kuja kuagiza vitanda kwake. Wivu hata wa Kinyakyusa chake, kilichonyooka kuliko cha Jairo. Uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi ulipofika kijijini, Hasheem akagombea uenyekiti. Jairo akasimama mkutanoni: "Huyu hajachimba hata kaburi moja hapa. Atatuongozaje?"

Na aliyemnyima jembe ni nani? Jairo huyo huyo. Hasheem akashindwa.

Miaka ikapita. Mama yake Jairo akafariki katikati ya masika. Wakichimba, udongo unaporomoka. Wakizoa, unaporomoka tena. Jeneza linalowa. Hasheem hakuomba ruhusa. Alikwenda karakana, akarudi na mbao za kitanda cha mteja, akashuka shimoni, akazikaza kwenye kuta mpaka udongo ukatulia. Jairo alisimama juu, matope magotini, na wivu ukamkaba hata pale: mama ni wake, anayemtengenezea pa kulala ni mwingine. Lakini Hasheem alipopanda, Jairo alimpa mkono. "Ndaga fijo," akamshukuru. Basi.

Mama Arafa anasema baba yake alirudi amelowa chapachapa, anacheka peke yake. "Leo," akamwambia, "hakuna aliyeniletea ndizi."

Jumanne, Mzee Jairo alitangulia makaburini na mkongojo wake. Alimuuliza shehe mwanandani, kile chumba cha maiti ndani ya kaburi, unachimbwa upande gani, akashika jembe, akakataa kuliachia. Vijana wakimwomba apumzike, anawajibu: "Subirini. Huyu ni wangu." Wivu ule ule, jamani. Shimo lilipomfika magotini ndipo akakubali kupokewa. Nikampokea mimi.

Kwa familia, poleni sana. Nawe unayesikiliza, kumbuka msiba wa mwisho mtaani kwako. Ulimketisha nani na wageni? Mama Arafa, neno la mwisho ni lako.

"Asante, mwanangu. Mimi makaburini sikwenda, wanawake hatuendi. Nilibaki nyumbani nagawa chakula. Wanaume wote walikuwa wameondoka, kasoro wewe. Nilikupa ndizi. Sahani ya pili uliiomba mwenyewe."