Mama Ngojeni na Diski Sita za Hospitali

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi, fundi wetu wa kompyuta anastaafu tarehe 30 Juni. Aliajiriwa kama mpiga chapa, akajifunza ufundi kwa kufungua mashine zilizotupwa stoo. Tulimpa jina Mama Ngojeni kwa sababu mkimjia mbiombio anawaambia ngojeni kwanza, ndipo avae miwani.

Mimi ni karani wa masjala, na ushuhuda wangu ni wa jambo moja. Faili za wagonjwa wote zilikuwa kwenye mashine yenye diski sita zinazobebana: ikifa moja, unaweka mpya, nazo tano zilizobaki zinaijaza. Jumanne moja diski ilikufa. Mama akaweka mpya. Kazi ilipofika nusu, diski nyingine ikaanza kukwama, mashine ikagoma. Nje, wagonjwa wa saratani walikuwa kwenye foleni, mama yangu mzazi akiwemo, na kumbukumbu za dozi zao zote zimo kwenye mashine ile.

Kila mtu akawa fundi. Daktari mmoja akasema, "Mama, si uizime uiwashe tu? Simu yangu hupona hivyohivyo." Mganga mkuu akataka ailazimishe iendelee. Mama Ngojeni akaizima, akachomoa waya wa umeme, akautia mfukoni.

"Kosa ni langu," akasema mbele yetu sote. "Sikuhakikisha nakala za akiba kabla ya kuanza. Ya mwisho ni ya miezi miwili nyuma. Mkinifukuza ni haki yenu, ila nipeni siku tatu, na mtu asiguse."

Nilisali kimoyomoyo. Angesingizia umeme, nani kati yetu angejua?

Alibandika namba kwenye kila diski, hata ile iliyokufa, asije akachanganya mpangilio. Akazinakili moja moja. Ile iliyokuwa ikikwama aliiendea taratibu, ikipata moto anaipumzisha. Zile za asili akazifungia kabatini, akafanyia kazi nakala. Jaribio la kwanza la kuziunganisha lilikataa. La pili, Alhamisi saa nne asubuhi, likakubali. Akaniambia nifungue faili yoyote. Nilifungua ya mama yangu. Dozi ya wiki iliyotangulia ilikuwepo.

Haikupotea hata faili moja. Barua ya onyo alipewa, akaisaini bila kununa.

Mama, asante kwa kusema kweli siku ambayo uongo ungekusitiri. Mola akujalie afya, na usingizi usiokatizwa na simu zetu.