Maziwa ya Kwanza ya Hana Bartolomayo

Baba Paroko, wazazi, ndugu, majirani, nanyi nyote mlioacha shughuli zenu kuja kukaa nasi hapa Nkuhungu, tunawasomea maisha ya binti yetu, Hana Bartolomayo, mke wa Castory.

Hana alizaliwa tarehe 14 Machi 1996 katika kijiji cha Haubi, Kondoa, akiwa mtoto wa nne wa mzee Bartolomayo na mama Evelina, akasoma shule ya msingi kijijini hapo tangu mwaka 2004 hadi 2010, kisha akajifunza ushonaji Kondoa mjini, na mwaka 2015 akaja Dodoma, akapata nafasi kwenye kibaraza cha mafundi Kikuyu, ambako alishona sare za shule, na mzazi aliyeleta kitambaa pungufu hakurudishwa, kwani Hana alitafuta kipande akakiunga kwapani, mahali ambapo watoto wengine wasingepaona.

Tarehe 8 Julai 2017 alifunga ndoa na Castory Pantaleo, wakajaliwa Rose, aliyezaliwa mwaka 2019, na Augustino, aliyezaliwa tarehe 3 Februari mwaka huu wa 2025, kabla ya siku zake, baada ya mama yake kupatwa na kifafa cha mimba.

Mtoto alilazwa chumba cha watoto njiti, Hana wodi nyingine, figo zikianza kushindwa, na kwa kuwa hakuweza kusimama, alimkamulia maziwa kikombeni, yale ya kwanza, mazito na ya njano, yaliyofunika kitako tu cha kikombe, ambayo mama mkwe wake, mama Sidonia, aliyamwaga kwa upendo, kama naye alivyomwagiwa ya kwake alipojifungua, akiamini ni machafu. Muuguzi Lea hakumgombeza, alimvutia kiti, akamweleza kuwa maziwa yale hubeba kinga ambayo mwili wa mama umeijenga kwa maradhi uliyokwisha kupambana nayo, kwamba hupaka utumbo wa mtoto ili vijidudu visipate pa kupenya, na kwamba njiti, aliyetoka tumboni kabla ya kuipata kinga yake yote, ndiye anayeyahitaji zaidi. Hana alikuwa akisikiliza, akajivuta, akakamua tena hadi kikapatikana kijiko kimoja, akasema, "Mama, mimi siwezi kwenda kwake, haya yatafika, mpelekee."

Tangu hapo mama Sidonia ndiye aliyepeleka kikombe, amekifunika kwa upindo wa kanga, akitembea taratibu, na kila aliporudi Hana alimuuliza kama mtoto amefumbua macho, kama amefanana na Rose, na mtoto wa mtu yeyote akilia koridoni, maziwa yalimtoka yenyewe, yakalowanisha gauni, naye akageukia ukutani. Wauguzi walimletea kitambaa alicholalia mwanawe, akalala nacho shavuni. Alimpakata mara moja tu, tarehe 6 Machi, mtoto akanyonya kidogo, akasinzia, na hakuna aliyethubutu kumchukua.

Hana alituacha tarehe 9 Machi, alfajiri.

Tunawashukuru madaktari, muuguzi Lea na wenzake, majirani mliopika kwa zamu, mafundi wa Kikuyu mlioshona gauni alilovaa leo, na wifi yake Elieth, ambaye, baada ya kupimwa, sasa ananyonyesha wawili, wake na Augustino, aliyeruhusiwa jana bila kupata maambukizi yoyote.

Hana, mwanao ameshiba, amelala mapajani pa wifi yako, na tulitamani sana umwone anavyoanza kunenepa. Pumzika, mama, kwa amani ya Bwana.